Kuamua na Kuamuliwa: Seli za Uzazi za Minyoo Mviringo, kutoka Liège hadi Maniema

Sarufi ya Kiswahili hutenga waziwazi kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Hakimu huamua, kesi huamuliwa. Tofauti hiyo, ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hudhani ameimaliza, imewashughulisha wataalamu wa biolojia kwa zaidi ya karne moja katika suala linaloonekana dogo. Ndani ya mwili wa mnyoo imo seli ya uzazi inayoweza kubaki changa na kuzidi kugawanyika, au kukomaa na kuwa yai. Je, seli hiyo huamua au huamuliwa? Na ikiwa huamuliwa, huamuliwa na nani? Makala haya yanafuatilia jinsi jibu lilivyobadilika tangu mwaka 1883, na kwa nini jibu hilo linawahusu hata watu wa Kailo.

Teritwari ya Kailo imo katika Maniema, mkoa ambao ni miongoni mwa mikoa ya Kongo yenye ugonjwa wa usubi, yaani upofu wa mtoni. Mdudu anayeueneza ni nzi mdogo mweusi ambaye mabuu yake hukua katika maji yaendayo kasi. Ugonjwa wenyewe huletwa na mnyoo mviringo aitwaye Onchocerca volvulus. Jike aliyekomaa hukaa katika kinundu chini ya ngozi kwa muda wa miaka 10 hadi 15, na yeye mwenyewe hana madhara makubwa. Wanaoumiza ni watoto wake, ambao huzaliwa mamia kwa mamia kila siku. Hutembea ngozini na kuingia machoni, na wanapofia humo husababisha muwasho, makovu na hatimaye upofu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, daktari Mbelgiji Jean Hissette aliwakuta vipofu wengi kando ya mto Sankuru, magharibi ya Maniema, akaona minyoo hao wadogo ndani ya jicho lenyewe. Wakubwa wa taaluma walisitasita kumwamini, mpaka msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioongozwa na Richard Strong ulipofika huko mwaka 1934 na kuthibitisha maneno yake. Katika usubi, basi, uzazi wa mnyoo ndio ugonjwa.

Historia ya uzazi huo ilianza Ubelgiji, na haikuanza na mgonjwa wala na koloni. Mwaka 1883, miaka miwili kabla ya Mfalme Leopold II kujitangaza mtawala wa Kongo, Edouard van Beneden wa Liège alichunguza mayai ya mnyoo wa tumboni mwa farasi. Mnyoo huyo ana kromosomu chache mno na kubwa, kwa hiyo zinahesabika. Van Beneden alionyesha kwamba yai na mbegu ya dume huleta kila kimoja kromosomu kwa idadi iliyo sawa. Miaka minne baadaye, Mjerumani Theodor Boveri aliona jambo la ajabu zaidi katika mnyoo huyo huyo. Kiinitete kinapoanza kugawanyika, seli zitakazojenga mwili hutupa vipande vya kromosomu zake, na ni zile tu zitakazokuwa za uzazi zinazouhifadhi urithi wote. Kwa kuyazungusha mayai kwa kasi katika mashine, Boveri baadaye alibainisha kwamba kinachoamua ni ute wa yai ambamo kromosomu zimewekwa, wala si kromosomu zenyewe. Hapo kauli ya kutendwa ilianza kupata nguvu: seli ya uzazi ni ile iliyorithi sehemu fulani ya yai.

Jibu la Boveri lilieleza jinsi seli za uzazi zinavyopatikana, lakini halikueleza zinavyoishi baadaye. Suala hilo lilisubiri mnyoo mwingine, Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita moja, aishiye huru katika mimea iozayo na asiyemdhuru mtu. Aliyemwingiza katika maabara ya Cambridge katika miaka ya 1960 ni Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini. Mnyoo huyu huonekana kama kioo, na mwili wake, mbali na seli za uzazi, una seli 959 tu, ambazo nasaba yake yote imeandikwa. Mtu anaweza kuiua seli moja kwa mwali wa leza na kuangalia ni nani anayeikosa.

Hivyo ndivyo walivyofanya Judith Kimble na John White, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1981. Kiungo cha uzazi cha mnyoo huyu kina mikono miwili, na kwenye ncha ya kila mkono imo seli moja ambayo si ya uzazi. Jirani na ncha, seli za uzazi huendelea kugawanyika. Zinapokuwa mbali nayo, huingia katika mayosisi, yaani mgawanyiko unaopunguza kromosomu kwa nusu, na kuelekea kuwa mayai au mbegu za kiume. Seli ya ncha ilipouawa, seli zote za uzazi za mkono ule ziliacha kuzidi zikaingia katika mayosisi, pamoja na zile changa kabisa. Ilipohamishwa mahali pake, mpangilio wa seli za uzazi nao uligeuka. Kwa maneno mengine, kubaki changa hakukuwa uamuzi wa seli yenyewe. Ilikuwa ni amri ya jirani, na amri hiyo ilipaswa kurudiwa daima.

Mwaka 1987 ilitambuliwa jeni inayoipokea amri hiyo, iliyopewa jina la glp-1. Jeni hii ikiharibika, akiba ya seli changa huisha upesi. Ikiwa imekwama katika hali ya kupokea amri hata pasipo mtoaji, seli huzidi bila kikomo na kuwa uvimbe. Baadaye zilipatikana protini za kati, ambazo nyingine hulinda uchanga na nyingine husukuma seli kwenye mayosisi. Uamuzi wa pili, yaani mbegu ya kiume au yai, hufuata baadaye. Mnyoo huntha hutengeneza kwanza mbegu zipatazo 300, kisha mayai tu.

Istilahi inastahili neno hapa. Seli za aina hii huitwa kwa Kiswahili seli shina, na jina hilo limebahatika. Mkulima wa Maniema anajua kwamba shina la mgomba hutoa machipukizi na lenyewe likabaki ardhini. Kasoro ya mfano huu ni kwamba shina la mgomba halihitaji jirani wa kuliambia libaki shina.

Minyoo wa usubi wameongeza mtendaji wa tatu katika sentensi. Ndani ya miili yao huishi bakteria waitwao Wolbachia, ambao mnyoo hawezi kuzaa bila wao. Mwaka 2018 watafiti walionyesha katika Brugia malayi, jamaa wa karibu wa mnyoo wa usubi, kwamba bakteria hao huchochea kuzidi kwa seli za uzazi, na papo hapo huiweka sehemu ya seli shina katika utulivu ili akiba isiishe. Kwa njia hiyo jike hutoa mayai yapatayo 1400 kwa siku kwa miaka mingi. Bakteria wakiondolewa, utulivu huo huvurugika.

Dawa ya ivermectin, inayotolewa bure dhidi ya usubi tangu mwaka 1987, huwaua watoto wa mnyoo na kumzuia jike kuwatoa kwa miezi kadhaa, lakini haimwui. Ndiyo maana wagawa dawa wa vijijini hulazimika kuirudia kila mwaka, muda wote wa maisha ya jike. Doxycycline hufuata njia nyingine: huwaua Wolbachia, na jike akabaki tasa. Lakini humezwa kila siku kwa wiki 4 hadi 6, na wajawazito na watoto wadogo hawapewi. Kuigawa kijiji kizima ni kazi ngumu mno, hasa pale ambapo barabara ni mbovu.

Kuna mnyoo mwingine wa misitu ya Kongo, Loa loa, anayeonekana akipita juu ya weupe wa jicho. Mgonjwa aliyejaa watoto wa mnyoo huyu anaweza kudhurika vibaya akipewa ivermectin. Naye hana Wolbachia kabisa. Jenomu yake ilipochapishwa mwaka 2013, hakuna kilichoonekana ndani yake ambacho kingefidia upungufu huo waziwazi. Seli zake za uzazi huzidi vilevile, kwa amri ya mtendaji ambaye hajatajwa.