Mafuta ya Jua Yalitengenezwa kwa Ajili ya Nani?

Mara ya kwanza mama aliponituma dukani kununua mafuta ya jua, nilirudi na chupa ya mafuta ya alizeti. Tulikuwa tunaishi Bujumbura, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Muuza duka hakuwa na kosa. Alisikia "mafuta", akasikia "jua", akanipa alichokuwa nacho. Mama alicheka kidogo, kisha akanyamaza, maana aliyeyahitaji mafuta hayo ni mdogo wangu, mtoto mwenye ualbino, na siku ile mashavu yake yalikuwa yamebabuka.

Leo ninasoma Kiswahili chuo kikuu. Wenzangu wengi wameandika historia ya vita, mipaka na vyama. Mimi nataka kuandika historia ya kopo moja la krimu, kwa sababu ndani yake nimeona swali ambalo wanahistoria hupenda kuuliza: kitu hiki kilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Jibu la kwanza ni kwamba hakikutengenezwa kwa ajili ya mdogo wangu. Katikati ya miaka ya 1930, Mfaransa Eugène Schueller, mwanzilishi wa kampuni ya L'Oréal, alitoa mafuta yaliyoitwa Ambre Solaire. Mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa walipata haki ya likizo yenye malipo, wakamiminika pwani kulala mchangani. Walitaka ngozi yao igeuke rangi bila kuungua. Mwaka 1938 mwanafunzi wa kemia, Franz Greiter, aliunguzwa na jua alipopanda mlima Piz Buin, mpakani mwa Uswisi na Austria, na mwaka 1946 akatoa krimu yake iliyopewa jina la barafu ya milimani. Kwa hiyo wateja wa mwanzo walikuwa watu wa likizo na wapanda milima, yaani watu wanaolifuata jua kwa hiari, na jioni wanarudi ndani.

Krimu hizo za mwanzo zilikuwa dhaifu, na mnunuzi hakuwa na njia ya kulinganisha moja na nyingine. Mjerumani Rudolf Schulze alipendekeza kipimo katika miaka ya 1950, Greiter akakieneza mwaka 1974 kwa jina tunalolisoma hadi leo, SPF. Mwaka 1978 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ikaanza kupendekeza namba hizo ziandikwe kwenye bidhaa.

Sasa naomba msomaji aitazame miaka hiyo tena. Mwaka 1975, yaani mwaka mmoja tu baada ya Greiter, daktari wa Nigeria, A. N. Okoro, alichapisha utafiti wake kuhusu watu wenye ualbino nchini mwake. Katika watu aliowachunguza, hakuna aliyevuka miaka 20 ambaye ngozi yake ilikuwa haijapata saratani au dalili zinazoitangulia. Mwaka 1985 daktari Luande na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam, na madhara ya jua yalionekana tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Dawa ilikuwa dunia hii hii, ugonjwa dunia hii hii, miaka ile ile. Havikukutana. Siwezi kuamini kwamba sababu ilikuwa ujinga wa watu wetu, kama ilivyozoeleka kusemwa, kwa sababu Okoro alikwisha kuandika, na kwa Kiingereza!

Yaliyotufikia sisi yalitufikia kama zawadi. Mdogo wangu aliletewa kopo na mgeni aliyetoka Ulaya, limeandikwa Kijerumani kitupu, na katikati namba 50. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba, kwa hiyo nilitafsiri. Nilimwambia 50 ni nguvu nyingi, basi kidogo kinatosha, apake asubuhi tu, na siku za mawingu ayahifadhi. Nilijiona mwenye busara, maana kopo lilikaa mwaka mzima.

Namba ile hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Huo ni mpako mzito. Uso na shingo peke yake vinahitaji kama kijiko kimoja cha chai, na mtu anayepaka nusu huenda asipate hata nusu ya 50. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, SPF 50 asilimia 98. Tofauti ni ndogo kuliko tofauti ya kupaka vizuri na kupaka vibaya. Tena mpako hurudiwa kila baada ya saa mbili hivi, na baada ya jasho. Mawingu nayo hupitisha sehemu kubwa ya miale. Jina "mafuta ya jua" lilitudanganya hapo: tukidhani ni ya siku ambazo jua linaonekana.

Alipofika miaka kumi na sita, mdogo wangu alitoka kidonda nyuma ya sikio, mahali ambapo hatukupaka hata siku moja. Hakikupona. Kilikatwa, na kipande cha sikio kikaenda nacho.

Mwaka 1992 mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, kilianzishwa kituo cha kanda cha kufundishia magonjwa ya ngozi. Miaka ya 2010, pamoja na mfamasia Mhispania Mafalda Soto, kikaanza kutengeneza krimu iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na miongoni mwa wanaoitengeneza wamo wenye ualbino wenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo historia hii inapogeuka: krimu haikuanzia tena kwa mtu wa likizo. Wauguzi wa huko hawaanzi na krimu. Wanaanza na kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu na kivuli. Krimu ni ya sehemu inayobaki wazi. (Bibi zetu wa pwani waliopaka liwa usoni wangeelewa upesi.)

Mdogo wangu sasa anauza vocha chini ya mwavuli, kofia kichwani. Juzi alinipigia simu kuuliza Kiswahili sanifu wanasemaje, ili amwandikie mwenye famasi karatasi. Nikamwambia aandike "krimu ya kukinga ngozi, SPF 30 au zaidi". Akauliza kama ni lazima litajwe jua. Nikamwambia aliache.