Waliolazimishwa na Walioomba: Nusu Karne ya Jeshi la Kujenga Taifa

Mkumbara iko chini kabisa ya ukuta wa milima ya Usambara, kando ya reli ya Tanga, si mbali na Mombo. Reli ilifika Mombo mwaka 1905. Baadaye kidogo, kampuni ya Kijerumani ya mbao ilifunga waya wa angani kutoka Mkumbara kupanda hadi misitu ya Shume, ili magogo yashuke yenyewe yakutane na treni. Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Kijerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilihitaji njia ya kuunganisha reli ya Tanga na ile ya Kati. Wakang'oa reli nyembamba za mashamba ya mkonge, wakazitandika kutoka Mombo kuelekea Handeni, na mabehewa madogo yakasukumwa kwa mikono ya watu. Juni 1916 Waingereza walipita humo humo wakiwafukuza Wajerumani, nao wakiwa na wapagazi wao waliokusanywa kwa amri.

Amri hazikuishia hapo. Katika Vita ya Pili serikali ya kikoloni iliwachukua watu kwa nguvu kwenda kukata mkonge, na mashamba ya Tanga yakapokea wengi wao. Juu mlimani, kuanzia mwaka 1946, Washambaa walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko chini ya mpango wa Mlalo. Waliupinga kwa miaka mingi hadi ukavunjika mwaka 1957.

Nimeanza na hayo kwa sababu historia ya vijana wa shule kupelekwa kambini kwa sheria husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianzia kwenye ofisi za Dar es Salaam. Kwa mzee wa Mkumbara, serikali kumtoa mtu kwake na kumpa jembe au mzigo ilikuwa habari anayoijua toka kwa baba yake. Jipya la mwaka 1966 lilikuwa ni nani aliyeitwa. Safari hii hakuitwa mkata mkonge. Aliitwa msomi.

Jeshi la Kujenga Taifa lilizaliwa kabla ya hapo, na lilizaliwa la hiari. Wazo lilitoka kwenye Umoja wa Vijana wa chama cha TANU, na tarehe 10 Julai 1963 JKT likaanza rasmi. Nchi ilikuwa na vijana wengi waliomaliza darasa la nne au la nane bila kazi, ilikuwa na mapori yasiyolimwa, na ilikuwa na chama kilichotaka kuwafundisha vijana hao kulima, kujenga na kushika nidhamu chini ya bendera moja. Washauri wa mwanzo walitoka Israeli, iliyokuwa na Nahal, kikosi cha askari wanaolima, na Gadna, mpango uliowapa wanafunzi wa sekondari mafunzo ya awali ya kijeshi. Ushauri huo haukudumu sana, lakini umbo lilibaki: asubuhi gwaride, mchana shamba.

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambini Colito, na Rais Nyerere akalivunja jeshi zima. Lilipoundwa Jeshi la Wananchi tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, safu zake zilijazwa kwa sehemu kubwa na vijana wa TANU na wa JKT. Ghafla kambi za kulima zikawa mlango wa kuingilia jeshini. Kijana wa kijijini aliuona mlango huo mara moja, na hajaacha kuutazama hadi leo.

Msomi hakuuona, au aliuona na akapita pembeni. Wahitimu wa sekondari na vyuo walikuwa wachache mno, na ofisi zilizoachwa wazi na Waingereza ziliwangoja. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda kulala hangani kwa hiari. Serikali iliyowasomesha kwa kodi ya wakulima iliona kwamba inatengeneza tabaka la watu wasiowajua wakulima hao.

Mataifa mengine yalikuwa yamejaribu kulazimisha, kwa nia tofauti. Australia, kuanzia Januari 1911, iliwaandikisha wavulana wote tangu umri wa miaka 12 katika ukadeti, wakacheze gwaride baada ya shule na siku za mapumziko. Wazazi waliowaficha watoto walishitakiwa, na vijana wakaidi wakatozwa faini au kufungiwa ngomeni. Mashitaka yalihesabika kwa makumi ya maelfu, na mwaka 1929 serikali mpya ya chama cha Leba ikaufuta ulazima. Huko hofu ilikuwa uvamizi kutoka nje. Tanzania ilikuwa na hofu ya ndani, nayo ni kwamba wachache watapanda ngazi na kuivuta juu.

Pendekezo la mwaka 1966 lilikuwa hivi. Kila anayemaliza kidato cha sita, chuo kikuu au chuo kingine cha juu atatumikia taifa kwa miaka miwili. Miezi michache ataikaa kambini, akifundishwa kijeshi na kufanya kazi za mikono. Muda uliobaki ataumaliza kwenye kazi yake ya kawaida, lakini akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Sheria haikubagua jinsia. Wasichana waliitwa sawa na wavulana.

Wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam walipinga, na hasira yao kubwa iliangukia kifungu cha mshahara. Tukiwatendea haki, hoja yao haikuwa tupu. Waliuliza kwa nini wao, ambao hawajapokea hata mshahara wa kwanza, wakatwe zaidi ya nusu, ilhali mawaziri na wakubwa serikalini wanaishi vizuri bila kuguswa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wakaandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo. Pamoja nao walikuwepo wanafunzi wa vyuo vingine vya jijini. Katika mabango yao lilikuwemo lililosema kwamba enzi za ukoloni zilikuwa nafuu. Tamko lao likasomwa mbele ya Rais, likieleza kwamba hata wakichukuliwa kwa nguvu, miili yao ndiyo itakayokwenda, roho zao hazitakuwemo.

Nyerere aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akajibu kwa hasira ambayo waliokuwepo hawakuisahau. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akatangaza palepale kupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Halafu akawaambia wanafunzi warudi kwao. Zaidi ya 300 walifukuzwa chuo na kusindikizwa hadi mikoani, wakakae na wazazi wao waliolima pamba, kahawa na mkonge uliowasomesha. Wengi walisamehewa mwaka uliofuata na kurudi darasani.

Naamini siku ile ina uzito kuliko vitabu vingi vinavyoipa. Miezi mitatu na ushee baadaye lilitoka Azimio la Arusha, lenye masharti ya uongozi yaliyowakataza viongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Machi 1967 ikafuata sera ya Elimu ya Kujitegemea. Wanafunzi waliingia Ikulu wakiuliza kwa nini wakubwa hawajinyimi, na swali lao likabaki mezani hata baada ya wao kupakiwa kwenye magari. Sheria ya JKT ilipita kama ilivyokusudiwa. Lakini waliofukuzwa walikuwa wamegusa kidonda cha kweli, na serikali ilijua hivyo.

Tangu hapo kwenda kambini kukawa sehemu ya maisha ya anayemaliza kidato cha sita. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaongeza uzito: ukimaliza kidato cha sita unakwenda JKT mwaka mmoja, kisha unafanya kazi, na chuo kikuu unaingia baadaye kwa kupendekezwa na chama na mahali pako pa kazi. Idadi ya wasichana chuoni ikaporomoka, kwa kuwa wengi waliolewa au kuanza familia wakiwa kazini, na ndani ya miaka michache sharti la kufanya kazi kwanza likalegezwa kwao.

Mkoa wa Tanga ulikuwa na kambi zake. Maramba iko chini ya Usambara Mashariki, upande wa mpaka wa Kenya. Mgambo iko Handeni, upande wa Kabuku. Lakini kijana wa Korogwe hakupelekwa lazima karibu na kwao. Alipelekwa Oljoro, Makutupora, Mafinga au Bulombora huko Kigoma, na wa Kigoma akaletwa Tanga. Hilo lilifanywa kwa makusudi. Mwana wa waziri na mwana wa mkata mkonge walinyolewa kipara kimoja, wakaitwa kuruta, wakaamshwa gizani kwa kipenga, wakakimbia mchakamchaka huku wakiimba, wakala ugali na maharage ya sufuria moja, kisha wakashika jembe. Afande aliyewaamuru mara nyingi alikuwa na elimu ndogo kuliko wao. Kwa wasomi wengi hilo ndilo lililouma kuliko malengelenge, na nadhani ndilo lililowafaa kuliko yote. Watu wazima waliopita huko miaka ya 1970 na 1980 bado wanajuana kwa jina la operesheni, yaani kundi la mafunzo, waliyoingia nayo, na mtu aliyelala kitanda cha jirani huitwa ndugu hadi uzeeni.

Mafunzo hayakubaki ya gwaride tu. Mwaka 1975 JKT liliunganishwa na Jeshi la Wananchi, na majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, waliokwisha kushika bunduki kambini walikuwa akiba iliyokuwa tayari. Kenya nayo, miaka ya 1980, iliwapitisha waliochaguliwa kwenda vyuo vikuu katika kambi za vijana wa taifa. Wazo lilikuwa limesambaa.

Lililoliangusha ni fedha. Mwaka 1994 serikali ilisimamisha mafunzo ya lazima kwa kushindwa kuyagharamia, na kwa karibu miaka 20 wasomi wa Tanzania walitoka darasani kwenda chuoni bila kujua hanga ni nini. Yalirejeshwa Machi 2013 kwa Operesheni Miaka 50 ya JKT, na wabunge vijana kadhaa wakatangulia kambini kuonyesha njia. Yamerudi mafupi zaidi, kwa miezi badala ya mwaka. Kila inapofika katikati ya mwaka hutoka tangazo lenye majina, kambi na vitu vya kubeba: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, inayofika magotini na isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi nyeusi, nauli ya kwenda na kurudi. Wenye ulemavu unaoonekana huelekezwa kambi ya Ruvu, huko Mlandizi. Mzazi wa Mkumbara anayesoma orodha hiyo hupiga hesabu ya gulioni Mombo kabla ya kufikiria uzalendo, na ana haki ya kufanya hivyo, maana taifa linalomwita mtoto kwa sheria limemwachia yeye kununua raba.

Wakati huo wote, kando ya vijana wa mujibu wa sheria, wamekuwepo wa kujitolea. Hawa ni wa darasa la saba, wa kidato cha nne, na siku hizi hata wenye shahada. Maombi yao huanzia serikali za vijiji na kupanda hadi mkoani, na umri wao hupimwa kwa ukali. Tangazo lao husema wazi kwamba JKT halitoi ajira, linatoa malezi na stadi. Fomu hujaa hata hivyo. Wavulana na wasichana wa vijiji vya mkonge hawajawahi kuhitaji sheria ya kuwalazimisha, kwa sababu kambi ndiyo njia fupi wanayoijua ya kufika jeshini, polisi au magereza. Na kazi nzito za taifa zimefanywa kwa mikono yao. Mwaka 2018 walikamilisha ukuta wa machimbo ya tanzanite Mirerani, na wengine wakajenga Dodoma.

Aprili 2021 baadhi ya vijana hao, waliokuwa wamefanya kazi za ujenzi Dodoma na kuahidiwa ajira, walichoka kungoja. Wakagoma, wakapanga kuandamana hadi Ikulu ya Chamwino kumwona Rais. JKT likavunja mikataba ya vijana 854 na kuwarudisha makwao. Wale wa mwaka 1966 walikwenda Ikulu kukataa kulitumikia taifa kwa miaka miwili. Hawa walitaka kwenda Ikulu kuomba walitumikie maisha yao yote, na adhabu iliyowapata ilikuwa ileile ya kurudishwa nyumbani.