Hali ya Hewa, Hisia na Matendo katika Hadithi

Mwandishi wa hadithi huipa hali ya hewa kazi mbili: kuonyesha yaliyo moyoni mwa mhusika na kumsukuma atende. Darasani kazi ya kwanza ndiyo hutiliwa mkazo, hata mwanafunzi akaamini kuwa mvua ni huzuni na jua ni furaha. Kanuni hiyo haifai bonde la Kilombero. Pale Sanje, chini ya milima ya Udzungwa, mvua moja huwagawa majirani. Masika humpa matumaini mwenye shamba la mpunga, ilhali mkata miwa hukaa barazani: matrekta hayaingii kwenye matope, kiwanda cha sukari kimesimama kusaga, kibarua hakuna. Na mto Kilombero ukifurika kupita kiasi, mwenye mpunga naye hulia. Mwandishi akisema tu kwamba mawingu yalitanda, hajatuambia lolote kuhusu moyo wa mtu mpaka tujue anakula kwa jembe au kwa panga.

Ndiyo maana mfano wa Chinua Achebe una nguvu. Katika riwaya yake ya 1958, iliyofasiriwa kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo, kijana Okonkwo anaazima mbegu za viazi vikuu, mvua za kwanza zinamdanganya, jua linaunguza miche, kisha mvua inarudi kwa fujo na kusomba matuta. Mkulima mmoja anajinyonga. Anga haikuiga huzuni ya mtu yeyote. Iliitengeneza, na ule ukaidi wa Okonkwo tunaujua kwa kuwa aliuvuka mwaka huo.

Yupo atakayepinga kwamba hadithi si ripoti ya bwana shamba, na kwamba radi humtisha kila mtu. Sawa, mtunzi wa hadithi za upelelezi anayeua mtu usiku wa dhoruba anajua anachofanya. Lakini hofu ya radi ni ya dakika chache, haibebi riwaya nzima. Tena kuifanya anga kioo cha moyo kuna lawama yake: mwaka 1856 Mwingereza John Ruskin aliita kosa tabia ya kuvibandika vitu visivyo na uhai hisia za binadamu. Lawama hiyo haimpati Albert Camus. Katika riwaya yake L'Étranger (1942), jua la ufukweni haliakisi hasira ya mhusika mkuu, Meursault, maana hana hasira; linamchoma, jasho linamziba macho, naye anafyatua bastola na kuua mtu. Anapolitaja jua mahakamani kuwa ndilo sababu, watu wanacheka.