Mabango ya Gemu Yalishuka, Bunduki Zikabaki

Agosti 2019, siku chache baada ya shambulizi lililoua watu 23 katika Walmart moja ya El Paso, Texas, kampuni hiyo iliagiza maduka yake yashushe mabango na kuzima skrini za gemu za kupigana. Bunduki ziliendelea kuuzwa humo humo.

Sisi tuliolelewa na vibanda vya PlayStation mtaani tunaijua hii hadithi. Mathee aliapa GTA itanifanya jambazi. Chuo niliacha, sawa, lakini ujambazi bado.

Rudi 1966. Tarehe 1 Agosti, mwanajeshi wa zamani alipanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, akaanza kufyatulia waliopita chini. Pong, ile gemu ya kupiga kijimpira iliyoanzisha biashara yote hii, ilitoka 1972. Sasa huyu aliharibiwa na gemu gani? Asubuhi hiyo aliingia madukani akanunua bunduki mbili, bila shida. Na alipoanza kuua, raia, wanafunzi wakiwemo, waliendea bunduki zao wakamrudishia risasi kutoka chini. Silaha zilikuwa karibu hivyo.

Kisha Columbine, Aprili 1999. Vijana wawili waliua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja siku hiyo, na ikajulikana walikuwa wakicheza Doom. Basi, mshukiwa akapatikana. Kampuni za gemu zikashtakiwa. Jaji akaitupa kesi 2002. Lakini walitumia bunduki nne, na tatu kati ya hizo walinunuliwa na rafiki yao wa miaka 18 kwenye maonyesho ya bunduki, kwa wauzaji binafsi ambao sheria haikuwadai kukagua rekodi ya mtu. Baadaye rafiki huyo alisema angeulizwa kujaza fomu, asingenunua.

Hiyo fomu ndiyo inaninyima usingizi, si Doom. Doom ilichezwa kila mahali. Japani, kwenye asili ya Nintendo na PlayStation, raia walikadiriwa kuwa na bunduki kama 377,000 mwaka 2017. Marekani: milioni 393, kupita idadi ya watu wake.

Sisemi gemu ni malaika. Kuna zingine siwezi kumpa mdogo wangu.

Septemba 2019, Walmart ilitangaza kwamba itaacha kuuza risasi za bastola. Bunduki za kuwinda zikabaki dukani.