Amon Amarth: Bendi ya Uswidi, Waviking na alama zinazogombaniwa

Bendi ya Amon Amarth kutoka Uswidi ni miongoni mwa makundi yanayofahamika zaidi duniani katika muziki wa metali unaosimulia visa vya Waviking, yaani mabaharia, wafanyabiashara na wapiganaji wa Skandinavia walioishi takriban kati ya karne ya 8 na ya 11. Kwa zaidi ya miaka 30 bendi hiyo imekuwa ikipanda jukwaani na miungu ya kale, meli za vita na panga. Baadhi ya alama za zama hizo, hata hivyo, hutumiwa pia na makundi ya kibaguzi. Kwa wakazi wa nchi za Kaskazini waliotoka kwingineko, ni vyema kufahamu tofauti iliyopo.

Chimbuko la bendi

Amon Amarth iliundwa mwaka 1992 huko Tumba, kusini-magharibi mwa Stockholm. Tumba imo katika manispaa ya Botkyrka, ambayo leo ni mojawapo ya manispaa za Uswidi zenye wakazi wengi zaidi wenye asili ya kigeni. Jina la bendi halikutoka kwa Waviking. Limo katika lugha iliyobuniwa na mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien, na maana yake ni Mlima wa Maangamizi.

Albamu ya kwanza kamili ilitoka mwaka 1998, na ya kumi na mbili, The Great Heathen Army, mwaka 2022. Albamu hiyo ya mwisho imepewa jina la jeshi la Waskandinavia lililoivamia Uingereza mwaka 865. Mwimbaji Johan Hegg huimba kwa sauti nzito ya kunguruma, huku magitaa mawili yakishika lahani iliyo rahisi kufuatwa na umati. Kwa sababu hiyo, hata asiyeyasikia vizuri maneno huweza kuimba pamoja nao.

Jukwaa lisilo na paa

Muziki wa aina hii umepata makao yake katika matamasha ya wazi ya majira ya joto. Kubwa miongoni mwa hayo hufanyika Wacken, kijiji cha kaskazini mwa Ujerumani chenye wakazi wapatao 2,000. Tamasha hilo lilianza mwaka 1990 kwa mamia tu ya watazamaji, na sasa huvuta makumi ya maelfu kila mwaka.

Agosti 2017, Amon Amarth ilitumbuiza mara mbili katika tamasha la Summer Breeze mjini Dinkelsbühl, kusini mwa Ujerumani. Maonyesho hayo yalirekodiwa na kutolewa mwaka uliofuata katika filamu ya kuadhimisha miaka 25 ya bendi.

Katika ziara zake, bendi imewahi kusimamisha jukwaani meli yenye kichwa cha joka, na pia kofia kubwa ya chuma yenye pembe, ngoma zikiwa zimewekwa juu yake. Watazamaji nao wana desturi yao: mamia huketi chini kwa safu, mmoja nyuma ya mwenzake, wakavuta makasia ya kuwaziwa kwa mapigo ya ngoma. Wasiojuana hulazimika kwenda pamoja, la sivyo safu huvurugika.

Hadithi, si historia kamili

Kofia ya pembe ni pambo la jukwaani. Wanaakiolojia hawajapata ushahidi kwamba Waviking walivaa kofia kama hizo vitani. Picha hiyo ilienezwa na mavazi ya opera za Richard Wagner zilizoonyeshwa Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876.

Visa vya Odin na Thor vyenyewe vinajulikana hasa kutokana na maandishi ya Iceland ya karne ya 13, likiwemo lile la Snorri Sturluson, aliyekuwa Mkristo. Thor, mungu wa radi, bado amebaki katika kalenda: Alhamisi huitwa torsdag kwa Kiswidi na torstai kwa Kifini.

Nani mwenye alama hizi?

Wanazi wa Ujerumani walichukua baadhi ya herufi za kale za Skandinavia, ziitwazo runi, wakazifanya nembo zao. Vuguvugu la Upinzani la Nordiki, kundi la Wanazi mamboleo lililoanzia Uswidi, limeweka runi ya Tyr katika nembo yake. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Finland ililipiga marufuku kundi hilo nchini humo.

Amon Amarth inavitumia visa vya kale kama masimulizi. Hegg amekanusha uhusiano wowote na siasa za ubaguzi. Nyundo ya Thor shingoni mwa mtu, kwa hiyo, haitoshi kueleza msimamo wake. Huenda ni shabiki wa muziki, mpenzi wa historia au mfuasi wa imani ya kale. Linalopaswa kuangaliwa ni nembo ya kundi na kaulimbiu zinazoambatana nayo.

Nchini Denmark kumehifadhiwa kalibu ya jiwe ya karne ya 10, ambayo fundi aliitumia kumiminia nyundo za Thor na misalaba pia. Wateja wa imani mbili walihudumiwa na fundi yule yule, kwa kalibu ile ile. Jamii hiyo ya Waviking haikuwa na imani moja, kinyume na wanavyohubiri wanaodai kuirithi.