Mpini wa kerisi: istilahi za mkusanyaji na mfasiri

Maana. Mpini wa kerisi ni sehemu ya kushikia ya kerisi, silaha fupi yenye makali pande mbili itokayo kisiwani Java na maeneo jirani. Mpini huchongwa kwa mti, pembe, jino au mfupa, au hufuliwa kwa madini.

Ngeli. *Mpini* ni nomino ya ngeli ya U-I: mpini huu, mipini hii. *Kerisi*, neno lililotoholewa kutoka *keris* la Kijava, limo katika ngeli ya I-ZI: kerisi hii, kerisi hizi. Hakuna haja ya kuunda wingi *makerisi*.

Mpini au kipini? Yote mawili hutumika kwa visu. Hata hivyo, *kipini* pia ni pambo la puani, na katika orodha ya vitu vya sanaa, ambamo vito na silaha huweza kupangwa pamoja, neno hilo huzua utata. *Mpini* ndilo linalopendekezwa.

Kerisi si jambia. Wafasiri wengi hukimbilia *jambia* kwa kuwa neno hilo limezoeleka pwani. Jambia ni silaha ya Uarabuni ambayo bapa lake hupinda upande mmoja. Bapa la kerisi hunyooka au huenda kwa mawimbi, na kwa kawaida idadi ya mawimbi hayo ni witiri: matatu, matano, saba na kuendelea. Tena shina lake ni pana upande mmoja kuliko wa pili. Anayeandika *jambia* humpa msomaji picha ya kitu kingine kabisa.

Sehemu zinazohusiana na mpini. Kiswahili kina maneno yake ya kazi hii, ijapokuwa hayasikiki sana siku hizi:

- *msuka* (U-I): ncha nyembamba ya chuma iingiayo ndani ya mpini, kwa Kijava *pesi*.
- *noleo* (LI-YA): pete ya madini mahali bapa lipokutanapo na mpini; kwa Kijava *mendak*.
- *ala* (I-ZI): kifuko kigumu cha kuhifadhia bapa, kwa Kijava *warangka*.

Mpini wenyewe Wajava huuita *ukiran* au *deder*. Neno *ukiran* latokana na *ukir*, yaani kuchonga nakshi.

Kwa nini mipini hukusanywa peke yake. Msuka wa kerisi haupigiliwi misumari. Huzungushiwa uzi au kitambaa, kisha husukumwa ndani ya tundu la mpini hadi ukaze. Kwa sababu hiyo, mmiliki aweza kubadili mpini bila kugusa bapa, na mipini mingi imesafiri mbali na chuma chake. Mkusanyaji huitambua kwa umbo. Mpini wa Surakarta na Yogyakarta huwa laini, wenye sehemu mbili ndogo tu za nakshi; mtindo huo huitwa *nunggak semi*, yaani kisiki kinachochipua. Ule wa Madura hujaa maua na majani. Wa Bali mara nyingi huwa sanamu ya mungu au zimwi. Huko Sumatra na rasi ya Malay kuna *Jawa demam*, «Mjava mwenye homa», umbo la mtu aliyejikunyata.

Chonga na nakshi. Tofauti hizo zidhihirike katika vitenzi. Sanamu ya Bali ni mpini *uliochongwa umbo la* kiumbe fulani. Kazi ya Madura ni mpini *uliotiwa nakshi za* maua. Kuandika *mpini uliochongwa* pekee hakumwambii msomaji lolote, kwani kila mpini wa mti umechongwa.

Tahadhari: pembe. Hapa kosa la neno moja lina gharama. *Pembe* ni ya nyati, na *pembe* ni ya ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Asia ilizuiwa chini ya mkataba wa CITES mwaka 1975, na ya ndovu wa Afrika ikafuata kwa uamuzi wa mwaka 1989. Misamaha kwa vitu vya kale hutofautiana baina ya nchi na nchi. Lebo isemayo *mpini wa pembe* yaweza kumfanya mnunuzi avunje sheria bila kujua, au kitu halali kizuiliwe forodhani. Mnyama atajwe daima: *pembe ya nyati*, *pembe ya ndovu*, *jino la nyangumi*. Ikiwa matini chanzi haikumtaja, mfasiri asikisie. Amuulize mwenye matini.

Mfano wa maelezo kamili. *Mpini wa kerisi, Madura. Pembe ya ndovu, nakshi za maua. Noleo la shaba. Hauna bapa wala ala.*

Matumizi ya kitamathali. *Kushika mpini* ni kuwa na uwezo juu ya mwingine, ambaye husemwa *ameshika makali*.

Tanbihi. UNESCO iliitangaza kerisi ya Indonesia kuwa urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaingizwa katika Orodha Wakilishi. Kinachotambuliwa hapo ni ujuzi, desturi na maana zinazoizunguka silaha hiyo. Mpini uliopoteza jina la mahali ulikotoka umekwisha kupoteza sehemu ya urithi huo. Maelezo sahihi huihifadhi iliyobaki.