Mashua Zilizotwaliwa Bengal

Watu wanaokadiriwa kufikia milioni tatu walikufa kutokana na njaa ya Bengal ya mwaka 1943, lakini hawajajengewa mnara wala kuwekewa jiwe la kumbukumbu. Suala hilo lilirudi mwaka 2024, mwandishi wa habari Kavita Puri aliporusha kupitia BBC masimulizi ya walionusurika. Katika historia ya njaa hiyo, mashua zina nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Singapore ilianguka Februari 1942, Rangoon ikafuata Machi. Waingereza waliogopa kwamba Wajapani wangeingia India kupitia delta ya Bengal, ambako mito ndiyo barabara. Kwa mamlaka ya dharura ya wakati wa vita, serikali iliamuru vyombo vyenye uwezo wa kubeba zaidi ya watu 10 viondolewe katika wilaya za pwani. Kati ya mashua takriban 66,500 zilizosajiliwa, kama theluthi mbili zilitwaliwa au kuharibiwa.

Sambamba na mashua, Gavana wa Bengal, John Herbert, alitaka mchele wa ziada uondolewe pwani. Aprili 1942 alimwagiza ofisa mmoja kuitekeleza kazi hiyo haraka, akiwaruka mawaziri. Waziri Mkuu wa jimbo, A. K. Fazlul Huq, hakunyamaza. Tarehe 2 Agosti alimwandikia Gavana barua kali, akimshutumu kwa kutoa amri bila kuwashirikisha wenye dhamana. Ugomvi ulimalizika Machi 1943: Herbert alimwita Huq na kumpa barua ya kujiuzulu iliyokwisha kuchapwa, naye akaitia saini.

Huku nyuma, wavuvi walikosa vyombo vya kuvulia. Wakulima walishindwa kuvuka kwenda kwenye mashamba ya mbali, na wafinyanzi walikosa njia ya kufikisha vyungu sokoni. Wenye mashua walilipwa fidia. Wale waliotegemea mashua za wengine hawakupata kitu. L. G. Pinnell, ofisa wa serikali hiyohiyo, aliiambia tume ya uchunguzi kwamba sera hiyo ilivunja kabisa uchumi wa wavuvi.

Kimbunga cha Oktoba 1942 na bei za mchele zilizopaa vilizidisha maafa. Njaa ilipopamba moto, usafiri wa kupeleka chakula vijijini ulikuwa umekwisha kudhoofishwa na serikali yenyewe.

Waliokuwa watoto wakati ule sasa wamepita miaka 80. Kolkata na Dhaka, miji mikubwa ya Bengal, zina wajibu wa kuwajengea waliokufa mnara wakati manusura hao wangali hai, na wavuvi waliopokonywa riziki kwa amri ya ofisini watajwe humo.